Shahidi Aliyeutazama Ukuta

Sentensi iliyosomwa bungeni niliiandika mimi, nikiwa nimeketi barazani kwangu Tukuyu, mvua ikinyesha kwa namna inyeshavyo huku, bila haraka na bila dalili ya kukoma. Niliiandika mara saba. Katika rasimu ya kwanza nilisema kwamba mtoto alifariki. Nikaifuta, kwa kuwa kauli hiyo huficha mahali. Mwishowe nilibaki na maneno haya: mwanamke alijifungua sakafuni, mbele ya mlango wa zahanati uliofungwa kwa kufuli, saa nne asubuhi, siku ya kazi, na mtoto akafia hapo hapo mlangoni. Hapakuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza. Nilijivunia sentensi ile. Najua sasa kwamba mtu awezaye kujivunia sentensi ya namna hiyo ana kasoro, lakini wakati ule sikuiona.

Mwanamke huyo alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa katika kijiji kimoja ng'ambo ya Mpuguso. Aliyeisoma sentensi ni kiongozi wa upinzani bungeni, mama mwenye asili ya kanda nyingine ya nchi, aliyefika kwetu kwa mikutano na kuuliza kama kuna mtu anayeweza kumwandikia mambo ya wilaya hii pasipo chumvi. Wakamwonyesha nyumba yangu. Nilikuwa nimefundisha historia kwa miaka mingi, na wakati huo nilikuwa mstaafu mwenye vitabu vingi na wageni wachache. Serikali ilikuwa imemjibu bungeni kwamba zahanati zote za huku hupokea wajawazito wakati wowote. Alitaka mfano mmoja tu unaosema kinyume, mfano usiopingika. Nikampa mpwa wangu.

Mpwa alikubali kwa sababu moja, na sababu hiyo hakuificha. Mwanawe hakuandikwa popote. Daftari la vizazi lilikuwa ndani ya zahanati, nyuma ya kufuli. Muuguzi aliporudi kutoka semina alisema hawezi kuandika uzazi ambao hakuushuhudia. Kanisani nako mtoto hakuwa amebatizwa.

"Mjomba, mimi sitaki mtu afungwe," aliniambia. "Nataka aandikwe. Hata mstari mmoja."

Nikamwahidi kwamba kumbukumbu za Bunge hazifutiki kwa mvua.

Kiongozi yule aliisoma sentensi kwa sauti tulivu, kisha akanyamaza kwa muda unaotosha mtu kuhesabu hadi kumi. Nilimwona kwenye simu. Sijapata kumwona mtu mwingine anayeweza kuifanya nafasi tupu katika hotuba iwe mashtaka. Akainuka naibu waziri, akasema huo ni uzushi. Kiti cha Spika kikaagiza: mheshimiwa alete uthibitisho, au afute kauli yake. Ujumbe wa watu wanne ungekuja kumsikiliza shahidi kijijini kwake. Ukimwamini, sentensi itakaa. Usipomwamini, mdomo ulioitamka ndio utakaoifuta.

"Huyu binti hatayumba?" kiongozi aliniuliza alipokuja tena.

"Hatayumba, Mheshimiwa."

"Nakuuliza tena, Mwalimu, kwa sababu nikisimama kufuta, wale watanicheka mpaka Bunge livunjwe."

Nilimwandaa mpwa kwa siku tatu, nyumbani kwa mama yake Nkunga. Nilimfundisha kuanza na saa, kufuata na mahali, kumaliza na tukio. Nilimkataza kulia. Nilimwambia kwamba machozi huwafanya wasikilizaji wautazame uso badala ya kuisikia saa. Siku ya kwanza alivunjika kila simulizi lilipofika mlangoni, nami nikawa namrudisha mwanzo. Siku ya tatu aliweza kusimulia kifo cha mwanawe toka mwanzo hadi mwisho bila sauti kutetemeka. Nikamwambia, "Vizuri sana." Dada yangu, aliyekuwa akimenya ndizi karibu nasi, alikiweka kisu chini na kutoka nje.

Hapa sina budi kueleza jambo moja. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakabiliani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, hakai naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, yeye huiacha njia na kuingia migombani, amejifunika kichwa na kuuelekeza mgongo wake upande wa mzee, mpaka mzee apite; naye mzee hukaza macho mbele kana kwamba hajaona kitu. Mjini Tukuyu desturi hii imelegea, na vijana wa leo hupiga picha na wakwe zao siku ya harusi wakiwa wameshikana mabega. Vijijini, kwa watu wa umri wa mkwe wa mpwa wangu, bado ipo, na wachungaji wa vizazi vitatu hawajaiweza. Anayeivunja hatozwi kitu. Huonwa tu kama mtu aliyemvua mzee nguo hadharani.

Mkwe wake alikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati. Hilo nililijua. Kwamba kamati nzima ingeitwa na kuketishwa ndani ya chumba cha ushahidi, sikuliuliza. Maandalizi yangu yalikuwa kurasa kumi na moja, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu nani angeketi wapi.

Aliyewapanga watu alikuwa mkuu wa ujumbe, mzaliwa wa huku huku, mwanafunzi wangu wa zamani. Alinipokea kwenye mlango wa darasa la shule ya msingi, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mwalimu wangu."

"Marahaba."

"Karibu ukae mbele. Leo tunafanya historia."

Mzee alikuwa tayari ndani, kwenye benchi la wajumbe wa kamati, kofia magotini. Nilipomwona nilielewa kila kitu, na naamini yeye pia alikuwa ameelewa, kwa maana alikuwa akiyatazama madirisha moja baada ya jingine. Mara mbili alijaribu kuinuka. Mara mbili mkuu wa ujumbe alimwekea mkono begani.

"Mzee wangu, tulia. Wewe ni mjumbe halali. Ukitoka watasema tumekufukuza."

Mpwa wangu alifika mlangoni amevaa gauni lake la kanisani. Aliona kofia kabla hajauona uso. Akavuta kanga hadi usoni, akageuka, akatoka. Tulisikia viatu vyake vikikimbia kwenye tope.

Kiongozi wa upinzani, aliyekuwa ameketi kando yangu, alinigeukia. "Mwalimu, anakwenda wapi?"

Nilisimama nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikatoa na asili ya desturi yenyewe. Nikaomba mzee apishe kwa dakika kumi tu, au shahidi azungumze akiwa nje, nyuma ya ukuta. Watatu katika wale wanne walikuwa watumishi kutoka mikoa mingine. Walitazamana wakacheka, si kwa ubaya, kama watu walioonyeshwa mtego wa panya wa kizamani. Wa nne, mwanafunzi wangu, hakucheka.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba shahidi ni yule aliyeona, na anayesimama mbele za watu kusema alichokiona. Sasa unatuletea ushahidi wa ukuta?"

"Unaijua desturi hii kama ninavyoijua mimi."

"Naijua. Lakini kanuni haijui." Akamgeukia mzee. "Mzee wangu, tusipoteze muda. Siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa?"

Mzee aliigeuza kofia yake. Mtoto aliyekufa alikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kiume.

"Mimi sikuwepo," alisema.

Ilikuwa kweli. Mkwe hawezi kuwapo mahali mwanamke wa mwanawe anapojifungua. Mkuu wa ujumbe aliyaandika maneno hayo mawili polepole, akayapigia mstari.

"Mwalimu, nenda kamwite," kiongozi akaninong'oneza. "Mwambie ni dakika tano. Mwambie hata mimi nimetukanwa mengi nikiwa nimesimama wima."

Nilikwenda. Nilimkuta nyuma ya vyoo vya shule, amechuchumaa.

"Mwanangu, ingia. Usimtazame. Sema tu."

"Mjomba, unaniambia wewe? Wewe?"

"Usipoingia hataandikwa."

Kati ya yote niliyowahi kusema maishani, hayo ndiyo maneno niliyoyapima vizuri kuliko mengine. Yalikuwa mafupi na ya kweli, na yalifanya kazi.

Aliingia kinyumenyume. Alijifunika kanga kichwa kizima, akapiga hatua moja moja hadi kona ya ubao, akasimama ameutazama ukuta, ameinama kama anayetafuta kitu sakafuni. Mzee alitoa sauti ndogo, akainuka, akajikwaa kwenye dawati, akaanguka. Vijana waliosongamana dirishani wakaangua kicheko. Akatoka akitambaa, na kofia yake ikabaki. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuanza. Alianza na saa. Akafuata na mahali. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Binti, geuka," mkuu wa ujumbe alisema. "Mzee ameshatoka."

Hakugeuka. Hakuwa na namna ya kujua kama ni kweli, na kwa mtu aliyekwisha kuvuka alipovuka, kugeuka kungekuwa jambo la pili juu ya la kwanza. Akasema mpaka mwisho, kwa ukuta.

"Mbona hulii?" mkuu wa ujumbe akamuuliza. "Mama aliyefiwa hasimulii kama anayekariri mashairi. Nani amekufundisha?"

"Mjomba," akasema.

Taarifa ya ujumbe nimeisoma mara nyingi. Ni taarifa iliyoandikwa vizuri; aliyeiandika nilimfundisha mimi. Inasema kwamba shahidi alikimbia mara ya kwanza, akarejeshwa na ndugu yake, akatoa maelezo akiwa ameupa ujumbe mgongo, akashindwa kumtazama yeyote, hakuonyesha majonzi, na akakiri kuwa alifundishwa. Kila kauli iliyomo ni ya kweli.

Siku ya nne baada ya kikao kile mumewe alimrudisha mpwa wangu Nkunga, na godoro na ndoo mbili.

"Mzee hali chakula," alimwambia dada yangu, akisimama uani bila kukubali kiti. "Anasema hana uso wa kupita nao njiani. Mimi sina ugomvi na mtu, mama. Ila siwezi kukaa na binti yako pale."

Kiongozi alinipigia simu mara moja tu.

"Ungeniambia mapema kwamba mna mambo haya."

"Hukuniuliza, Mheshimiwa."

"Nawe ulikuwa unasubiri kuulizwa?" Akakata.

Siku ya kufuta kauli mpwa alikuja kwangu kutazama, kwa kuwa simu ya mama yake haikuwa na uwezo huo. Nilimpa chai ya maziwa, hakuigusa. Kiongozi alisimama. Alisema kwa ufupi kwamba, kwa kuheshimu maelekezo ya Kiti, anaiondoa kauli yake kuhusu tukio la zahanati, na anaomba isiwe sehemu ya kumbukumbu. Upande wa pili wakagonga meza kwa furaha. Hakusubiri wamalize. Akafungua faili jingine na kumuuliza waziri juu ya dawa zilizoharibika katika bohari ya mkoa mwingine, kwa ukali na usahihi ambao hata mimi, katika hali ile, sikuweza kutoustahi. Waziri alianza kutafuta karatasi zake.

Mpwa alinigusa mkono.

"Mjomba, ameondoa nini?"

"Kauli."

"Ipi?"

"Ile ya kwamba mtoto wako alifia mlangoni."

Akafikiri. Kwenye simu waziri alikuwa akiomba apewe muda wa kujibu kwa maandishi.

"Sasa alifia wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu yeyote mwingine angemdanganya. Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu hakufia popote, kwa sababu hakuzaliwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeelewa somo, akaniomba nimzimie simu.