Mama Mkwe Alijitwika Kosa Langu la Makala

Sasa hivi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, macho nimefunga tu, mtoto wangu akaja akanifunua kope kwa vidole vyake. "Mama, wake up! Breathe!" Nikamwambia niko hapa, ninapumua. Akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza weee, ndipo akarudi kwenye katuni zake. Ana miaka minne. Anafanya hivyo tangu theluji kubwa ya mwaka jana, na kila akifanya, mimi ndiye ninayekosa pumzi.

Admin, nifichie jina. Mtoto tumwite Neema, siyo jina lake. Niko na miaka 24, Mkongomani wa Uvira, nilikulia kambini, shule niliishia darasa la tano, donc mtanivumilia. Tunaishi Buffalo, huku Marekani, upande wa Bailey. Mume wangu ananipenda, hilo sitamsingizia.

Wakati ule tuliishi na mama yake. Theluji ilipoanza, mume wangu alikuwa kazini kiwandani, barabara zikafungwa, akabaki huko siku tatu. Nyumbani tukawa watatu: mimi, Mama na Neema. Siku ya pili asubuhi umeme ukakatika, na hita ikazimika. Mlango wa mbele haukufunguka, theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa. Ukiongea unaona pumzi yako. Neema midomo ikawa ya bluu, Mama anakohoa.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na mbabula, ile tunayochomea nyama wakati wa joto, na mfuko wa makala, wengine mnaita mkaa. Nikawasha pale kwenye baraza ya nyuma. Sikuwa mjinga kabisa, jamani. Nilifanya vile tulivyofundishwa wote kule kwetu: usiingize makala ndani ikiwa na moshi, ngoja iwe nyekundu yote, moshi uishe, hapo haina ubaya tena. Nikangoja hadi ikawa nyekundu kama pilipili. Nikaiingiza chumbani, nikaziba chini ya mlango na blanketi.

Mama akasema, "Binti yangu, acha dirisha ifunguke kidogo. Makala inataka pumzi."

Nikacheka. "Mama, hapa siyo Uvira. Tukifungua dirisha, kesho watatukuta tumekuwa samaki wa friza."

Na yeye akacheka. Dirisha nikalifunga kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Joto likaja tamu. Neema akalala. Mimi kichwa kikaanza kuuma, nikasema ni njaa. Halafu miguu ikakataa. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni Mama anatambaa chini, anamvuta Neema kwa nguo kama paka anavyovuta mtoto wake.

Mengine nimeambiwa. Kumbe makala hata bila moshi inatoa sumu isiyo na harufu. Mama alivunja kioo cha dirisha na sufuria. Akatoka nyuma na Neema mgongoni, bila viatu, akapita kwenye theluji ya kiunoni mpaka kwa jirani, mzee mmoja mweusi Mmarekani. Mama Kiingereza hajui hata neno. Alionyesha nyumba yetu tu na kulia. Jirani ndiye alikuja akanitoa, akaita wazima moto. Mama baridi ilimla miguu, akakatwa vidole vitatu.

Hospitali mkalimani alikuwa kwenye simu. Akauliza, "Nani aliingiza makala ndani?" Nikafungua mdomo. Mama akanibana mkono, akasema haraka, "Ni mimi. Niko mzee, sikujua." Mkalimani alipokata simu, Mama akaninong'oneza, "Wewe wanaweza kukunyang'anya mtoto. Mimi watanyang'anya nini?" Nikaacha iandikwe hivyo. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Mume wangu alipofika alilia, halafu akamgeukia mama yake: "Mama, ulitaka kuniulia watoto wawili?" Yaani mimi na Neema. Mama akainamisha kichwa, akaomba msamaha. Kanisani wakampa jina, Mama Makala. Akipita wanawake wanasema, "Fungeni madirisha, Mama Makala amefika," wanacheka, na mimi niko katikati yao na kitenge changu.

Bon, mume wangu akampeleka kwa kaka yake anayeishi Columbus. Huko mke wa kaka anamfichia viberiti. Haruhusiwi kupika, haachiwi watoto. Mtu aliyelea tisa! Nikimpigia anauliza tu, "Neema amekula?" Mwezi uliopita nikamwambia nataka kusema ukweli. Akakasirika: "Usinivue nguo ambayo nimeshavaa. Lea mtoto."

Sasa baridi imerudi, na kaka amesema nyumba ni ndogo, Mama arudi kwetu. Mume wangu anakataa. Anasema hawezi kumwacha Neema na mtu wa hatari. Leo mchana huu wanaamua kwa simu. Asipopokelewa, atatafutiwa nyumba ya wazee, kati ya watu ambao hawezi kusema nao hata "nina kiu".

Mimi naota arudi. Naona mume wangu akijua atakasirika, lakini moyo wake si jiwe, siku moja tutakula ugali sisi wanne. Halafu naogopa: wale wa serikali walishakuja mara mbili kumwangalia Neema. Wakisikia ni mimi? Na mume wangu, mwaka mzima nikimtazama machoni nikinyamaza, ataniamini tena?

Dada zangu, mama zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niseme leo mbele ya ndugu zake, au nimtii Mama? Msinitukane tu, nimeshajitukana ya kutosha. Kama kuna aliyewahi kukaa na kitu kama hiki akakisema na ndoa ikabaki, aniandikie, maana

Ngojeni, mume wangu ananiita. "Mama Neema, kuya! Kaka yuko kwa simu, Mama naye anataka kuomba msamaha mbele ya wote." Nakuja, Baba Neema. Jamani, sitaki aombe tena msamaha kwa kitu ambacho mimi