Paa Kabla ya Kuta

Mama alistaafu ualimu akiwa na mchoro wa nyumba kwenye daftari la shule: vyumba vitatu, paa la bati na, chini ya ua, kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kwetu Mnyambe, huku juu kwenye uwanda usio na mto, asiye na kisima hubeba ndoo mpaka uzeeni. Miaka yote aliyofundisha Lulindi alisema, "Mkupuo wangu wa kustaafu ukitoka, sinunui maji tena."

Mkupuo ulitoka mdogo. Kanuni zilibadilika kabla hajastaafu. Mfuko wa pensheni haukuwa na fedha za kutosha kutimiza ahadi zake zote, hivyo mstaafu alipewa sehemu ndogo kwa mara moja, nyingine akalipwa kila mwezi. Nilimsindikiza ofisini Masasi, nikiwa na shahada yangu na hasira zangu.

"Nani aliufikisha mfuko hapo?" nilimuuliza karani. "Huyu alikatwa kila mwezi, hakuruka hata mmoja."

"Swali lako ni halali, ndugu yangu, ila jibu haliko kwenye meza hii." Akamgeukia Mama. "Mwalimu, tukiwapa wa leo zote, wa mwakani watakuta kabati tupu."

"Hao wa mwakani wengine nimewafundisha mimi," Mama alisema. "Twende, mwanangu."

Nilitaka tukate rufaa. Bado naamini kuna mtu alipaswa kutujibu. Lakini tulipofika nyumbani Mama alifungua daftari, akafuta kuta zote.

"Fedha zinatosha kisima na bati," alisema. "Ukuta haukusanyi maji."

Sikuwahi kuona mtu akijenga hivyo. Alichimbisha kisima, akasimamisha nguzo, akaezeka, akafunga mifereji ya kupeleka maji kisimani, kisha akaendelea kulala kwa dada yake nyumba ya pili. Kuta zingengoja pensheni ya kila mwezi. Jirani mmoja, mkulima wa korosho, hakujizuia.

"Shikamoo Mwalimu! Umetujengea soko? Nilete mihogo?"

"Marahaba. Lete, ushuru ni ndoo ya mchanga."

Kesho yake aliuleta kweli, ndoo mbili, akicheka. Mchanga ule uliingia kwenye lipu ya kisima.

Mvua ya kwanza ilitukuta chini ya paa lile. Maji yalianza kudondoka kisimani, halafu yakamiminika, na Mama akainama mdomoni mwa kisima kusikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu jirani alikuja na ndoo zake.

"Umekuja kununua?" Mama alimuuliza.

"Kununua? Nimefuata ushuru wangu."

Hatukuwa na ukuta hata mmoja; upepo ulitupigia mvua sote watatu. Nikaanza tena habari za mfuko, na barua niliyokusudia kuandika.

"Utaiandika," Mama alisema. "Sasa shika kamba, mgeni anasubiri maji."