Soli ya Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto uligoma mbele ya watu mia moja.

Sio kuteguka. Sio ganzi. Uligoma tu, ukanata sakafuni kama umepigiliwa msumari, na mwili uliobaki ukaendelea na safari peke yake.

Nilitua kwa kidevu. Mpira wa kilo sita ukaenda zake pembeni bila kugusa hata pini moja.

Watu wakacheka. Wengine wakanong'ona, "Huyu karogwa huyu."

Naitwa Walburga. Nashona sare za shule hapa Songea mjini, na kwa hasira nimeshindikana tangu utotoni. Nasema mapema ili msije mkashangaa huko mbele.

Najua mnauliza, Songea na bowling wapi na wapi? Ipo. Bosi Fulgence aligeuza ghala la zamani la tumbaku, akaweka njia mbili za mbao na pini kumi mwisho wa kila njia. Unaviringisha mpira mzito, unaangusha pini, unakunywa soda. Nilienda kushangaa, nikanogewa.

Siri ya ule mchezo watu wanadhani iko mkononi. Iko mguuni. Hatua ya mwisho, mguu wa kushoto unatakiwa uteleze taratibu mpaka karibu na mstari, halafu utulie. Leo uteleze kama jana. Ukizidisha umevuka mstari, ukinata umekula sakafu.

Aliyenifundisha hayo ni mzee Twaha, fundi viatu wa pale ukumbini. Mtu wa Tunduru, umri wa baba yangu, mpole mpaka anakera.

Viatu vyangu niliviokota mtumba, vyekundu na bluu, kila mtu akanicheka eti natafuta kazi ya sarakasi. Mzee Twaha alivigeuza tu, akapapasa soli, akasema, "Binti, hivi ndio vyenyewe. Umeokota dhahabu kwenye matambara."

Akanipa na masharti.

"Soli hii ni ngozi ya nyuzi laini, maji ni mwiko. Hata tone. Ukienda msalani, vua."

Kila baada ya mchezo aliisugua kwa brashi ya waya, kuelekea upande mmoja, ili nyuzi zake zisilale. Viatu havifungwi kwenye mfuko unaobana hewa. Na kabla hujacheza, teleza mara tatu bila mpira, usikilize mguu.

Mimi nilikuwa naitikia "ndiyo mzee" huku macho yangu yako kwenye simu.

Ikafika fainali ya wanawake. Mshindi anapelekwa Dar kucheza na klabu za huko, na mimi Dar nilikuwa naiona kwenye televisheni tu. Tukabaki wawili, mimi na Sharifa. Sharifa naye kwao Tunduru. Hilo likumbukeni.

Jumamosi soli yangu ya kushoto ikawa imelika. Mzee Twaha akaibandua, akabandika mpya, akaikandamiza na matofali mpaka jioni.

"Viache kabatini, kesho utavikuta viko tayari," akaniambia.

Nikakataa. Kabatini si hata Sharifa anafika? Nikaondoka navyo mpaka nyumbani Matogoro, ninakoishi na mama.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikuwa na sare za mteja za kumalizia. Nikamwomba mama anitangulizie viatu ukumbini. Nilipofika, jina langu linaitwa mara ya pili. Mama yuko kiti cha mbele kabisa, kavaa kitenge cha sikukuu, mkono mmoja mfuko wa viatu, mwingine kichupa chake cha maji. Nikavaa mbiombio. Kuteleza mara tatu? Muda uko wapi?

Yaliyofuata nimeshawaambia.

Niliinuka na damu kidevuni, nikavua kile kiatu, nikamfuata mzee Twaha alipokaa na brashi zake. Nikamtupia miguuni.

"Umeweka nini hapa?"

Akakiokota. Akagusa soli kwa kidole gumba. Akainua macho, akatazama viti vya mbele, kisha akayashusha.

"Binti, tulia kwanza, tukaongee pembeni."

"Pembeni ya nini? Umeacha gundi makusudi ili mtu wa kwenu aende Dar!"

Kimya.

Kile kimya ndicho kilinipandisha mori. Mtu asiye na kosa si anajitetea? Nikamwita mnafiki. Nikamwita mshenzi. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila siku, nikamwita mshenzi, na watu mia wanasikia.

Bosi Fulgence akaja. "Mzee, una la kujibu?"

"Sina, bosi."

Akafukuzwa palepale. Alikusanya brashi zake moja moja, akaziweka kwenye kikapu, akatoka. Na mimi nilifurahi. Sifichi, nilifurahi sana, na wiki mbili nzima kila mteja aliyekuja kupimwa sare nilimsimulia.

Sasa sikilizeni.

Jioni moja tumekaa nyumbani tunachambua maharage. Mama akashusha pumzi.

"Mungu ananishangaza. Mtihani wako wa darasa la saba nilibariki kalamu, ukafaulu. Cherehani nikabariki, unakula mjini. Viatu nimevibariki kuliko vyote, ukaanguka."

Nikaweka ungo chini.

"Umevibariki vipi, mama?"

"Kwa maji ya baraka, mwanangu. Nilivigeuza nikamiminia chini, palepale unapokanyagia. Cha kushoto nikakizidishia, si ulisema huo mguu ndio wenye kazi?"

"Halafu?"

"Nikavifunga kwenye rambo langu lile la plastiki la zamani, nikakaza fundo. Ili baraka isitoke."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kurusha ule ungo mpaka kwa jirani. Lakini nimkasirikie nani? Mama ambaye aliamka alfajiri kuniombea? Hasira ilizunguka nyumba nzima ikitafuta pa kukaa, ikarudi kwangu mwenyewe. Laiti ningeteleza hata mara moja tu kabla ya kushika mpira, ningejua.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Lizaboni, kwa mzee Twaha. Mkewe, mama Zuhra, akanipokea mlangoni. Hakunikaribisha.

"Umekuja kumtukana na hapa nyumbani?"

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Sijawahi kumpigia mtu magoti kwa kosa, hata baba yangu.

Mzee Twaha alikuwa kwenye mkeka anashona ndala za watu. Nikamweleza yote. Hata hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Soli ilikuwa mbichi. Gundi haiwi hivyo. Yale ni maji."

"Sasa mbona hukusema, mzee wangu?"

Akaweka sindano chini.

"Mama yako alikuwa mbele pale, kichupa mkononi, kina msalaba. Ulitaka niseme nini? Mimi Mwislamu nisimame niwaambie watu kuwa maji ya kanisa yamemwangusha binti yao? Na mama wa watu aaibike na kitenge chake cha sikukuu? Nilitaka nikwambie pembeni. Ukakataa pembeni."

Nililia, jamani. Nililia kwa hasira, na hasira yote ni ya kwangu.

Siku ileile nikaenda kwa bosi, nikasema ukweli. Bosi akasema mzee arudi hata kesho. Nikarudi Lizaboni mbio na hiyo habari, nikidhani nimemaliza.

Mzee Twaha akatikisa kichwa.

"Kazi sio shida. Ulinitukana mbele ya watu mia, binti. Umekuja kuniomba radhi mbele ya mke wangu tu."

Nikarudi Matogoro nikiwaza wale watu mia.

Jumapili iliyopita nilisimama ukumbini kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Nikasema yote. Mama naye akainuka, hakuna aliyemwomba, akainua kile kichupa chake na kusema, "Ni mimi. Huyu baba hana kosa." Mzee wa watu alikubali aibu ili kumlinda mama, na mama hakuhitaji kulindwa.

Nikawahesabu waliokuwepo pia siku ile ya fainali. Arobaini na mbili.

Bado hamsini na nane. Wengine mlikuwa wapita njia, wengine mmeshahamia Njombe, wengine mnasoma hapa hapa. Ndiyo maana naandika. Kama ulikuwepo siku ile, au ulisimuliwa na mtu ukacheka, jua hili: mzee Twaha hakuweka gundi. Ni fundi mwaminifu kuliko mimi. Niandikie hapa chini kuwa umesoma, nakuhesabu. Mzee anasema atarudi kazini hesabu ikitimia, na najua hatanii.

Na wewe mwenye hasira kama zangu, kabla hujamkunja mtu shati, geuza kwanza kiatu chako uangalie soli.