Mume Aliyeacha Wivu

Mume wangu alikuwa na wivu jamani, wivu wa kumuuliza muuza samaki kwa nini kanichagulia mnene. Nilivyokuwa namlalamikia kwa dada zangu! Kumbe siku wivu ule ulipoisha ndipo nami nilipokosa usingizi.

Alikuwa amefiwa na mdogo wake, akazama kwenye huzuni. Hali, halali, kazini bandarini haendi, anatazama ukuta tu. Daktari akampa vidonge vidogo vya kahawia. Baada ya wiki chache akarudi kupakia magunia ya korosho melini. Nikamshukuru Mungu.

Lakini aliyerudi si yule! Nikichelewa sokoni, haulizi. Nikivaa khanga mpya, "Nzuri," anasema, wala hajaitazama. Jirani yangu, mama mmoja wa Mahurunga, akacheka: "Mwenzangu, wivu wa mwanamume hauishi, huhamia tu." Lo! Nikaanza kunusa mashati yake. Yalinuka korosho na jasho.

Alikuwa na mtani wake pale bandarini, Mnyamwezi, ambaye kila Jumapili baada ya misa alikuja kutangaza kwamba ananichukua. Zamani mume wangu alikuwa akimfukuza kwa ufagio hadi barabarani, watoto wa mtaa wakishangilia. Jumapili moja Mnyamwezi akanishika mkono: "Shemeji, funga mizigo, huyu Mngoni hakuwezi."

"Haya, nendeni," akasema mume wangu, akaendelea kula.

Mnyamwezi akaniachia mkono. "Shemeji, huyu ana nini?" akaninong'oneza, akaondoka hata chai hakunywa.

Niliwaka. "Ni nani huyo mwanamke? Mtaje!"

"Hakuna mtu," akasema. "Ni vidonge. Vimezuia kilio, vikazuia na mengine yote. Najua wewe ni mke wangu, najua nakupenda. Najua tu, sisikii kitu."

"Basi viache!" Nilikuwa nimeshakinyakua kikopo, nimefika mlangoni nivitupe.

"Ukitaka nitaviacha," akasema, bila hasira, bila chochote. "Ila mke wangu, nilipokuwa nasikia, nilikuwa natamani kufa."

Nikarudi, nikateka maji mtungini, nikampa kidonge kimoja. Akameza.

"Fungua mdomo," nikamwambia. "Inua ulimi nione."

Akafungua. Nikachungulia mpaka ndani, maana sikumwamini.