Mpagazi wa Shamba la Ndizi

Jembe la mume wangu liligonga chuma, naye akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulikuwa tunachimba mfereji mpya wa kuleta maji kwenye migomba yetu hapa kijijini Mahoo, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilidhani ameona nyoka. Nilipofika nikamkuta amepiga magoti, anakwangua udongo kwa vidole. Palikuwa na sufuria iliyoliwa na kutu na, kando yake, mifupa ya mkono.

"Usikanyage hapo," akaniambia. "Huyu ni mtu."

Vyuma vya vita si vitu vigeni kwetu. Waingereza na Wajerumani walipigana hapa mpakani zaidi ya miaka mia iliyopita, na mpaka leo ukilima utaokota ganda la risasi au kiatu cha farasi. Lakini mtu kamili, amelala ubavu kama aliyechoka tu, hatukuwahi kumpata. Mama mkwe wangu, ambaye hatembei bila mkongojo, alikuja mbio mikono mitupu. Nyuma yake majirani, na nyuma ya majirani mpwa wa mume wangu, msichana anayesoma chuo kule Voi, simu ikiwa juu tayari inarekodi.

"Auntie, hii ni noma!" akapiga kelele. Sikumkemea. Hata mimi mwili ulikuwa unanisisimka.

Chifu alikuja, polisi wakaja, na siku ya pili wakafika watu wa makumbusho na brashi zao ndogo. Karibu na mifupa ya shingo wakapata kisahani cha shaba chenye tundu. Mama mmoja kati yao alikipangusa taratibu, sote tumemwinamia hata akatuomba tumwachie mwanga. Palikuwa na namba. Jina halikuwepo.

"Huyu hakuwa askari," akasema. "Alikuwa mpagazi. Serikali iliwakamata watu vijijini ikawabebesha chakula na risasi za jeshi. Wengi waliuawa na njaa na kuhara. Namba ndiyo waliyopewa."

Nitasema ukweli: nilivunjika moyo kidogo. Nilizaliwa Voi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yangu akiwa mmoja wa wale waliotoka magharibi mwa Kenya kufuata kazi. Nyumbani kwetu mtu alipimwa kwa uaskari. Baba alitwambia babu yake alikufa vitani huku huku Taita Taveta, bunduki mkononi, na tulipolia kwa kuumwa au kuogopa alituuliza, "Damu ya askari hulia?" Nilipomaliza shule nilikwenda uwanjani kukimbia na wenzangu waliotaka kuandikwa jeshini. Nikarudishwa kwa sababu nyayo zangu ni bapa. Baba hakunisemesha siku mbili. Kwa hiyo mpagazi, kwangu, alikuwa mtu wa kuhurumiwa, kama mtumishi katika hadithi ya wakubwa.

Jioni hiyo nilimpigia baba kule Voi kumpa habari. Nilitaraji maswali mengi. Akasema tu, "Wasimwondoe kabla sijafika."

Kesho yake hatujamaliza chai alikuwa mlangoni, amevaa suti yake ya kanisani. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja shambani akaomba akione kisahani. Yule mama wa makumbusho akamvisha glavu na kumwekea kiganjani. Baba aliigusa namba kwa kidole. Akatugeukia.

"Babu yangu hakuwa askari."

Akamrudishia yule mama kisahani.

"Nyanya yangu aliniambia nikiwa mdogo. Walimkuta analima, wakamfunga kamba kiunoni pamoja na ndugu zake wawili. Hakurudi. Hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Nilipoandikwa kazi reli, wenzangu walikuwa wakijisifia wazee wao, huyu alipigana wapi, yule alipata nishani gani. Nami nikampa wangu bunduki."

"Kwa nini hukutuambia sisi?" nikauliza.

"Ningewaambia nini, binti yangu? Kwamba alibeba magunia?"

Ningeweza kukasirika. Nyayo zangu bapa zilikuwa zimenitia aibu miaka ishirini kwa ajili ya askari ambaye hakuwapo. Lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, kana kwamba nimeletewa ndugu kutoka safari. Yule askari wa baba sikuwahi kumwona vizuri akilini. Huyu nilimwona: mtu mwenye njaa, amebeba unga wa wengine, hajala.

Mama mkwe alimsogelea baba. "Mkwe wangu, usijitese. Babu yangu mimi aliwakimbia, akajificha vichakani mpaka vita vikaisha. Kwetu walimwita mwoga hadi anakufa. Angekamatwa, mimi ningezaliwa wapi, na binti yako angeolewa na nani hapa?" Akacheka, na baba akacheka pia, machozi yakimtoka.

Mpwa wetu aliweka ile video mtandaoni. Kufikia adhuhuri simu yangu ilikuwa ya moto. Mzee mmoja wa kijiji cha Mwanda alisema wazazi wake walimpoteza mtu, huenda ni huyo. Mama mmoja kutoka kijiji cha Kishushe akasema hapana, ni wa kwao. Shangazi yangu, dada ya baba, alipiga kutoka magharibi akilia na kuuliza kwa pamoja, hata sikujua nianze na lipi.

Watu wa makumbusho walimchukua wakampima kwa miezi kadhaa. Hawakuweza kusema alikuwa wa kabila gani. Wakakubali arudishwe azikwe shambani kwetu, nasi tukaupindisha mfereji umzunguke.

Siku ya mazishi sijui watu walitoka wapi wote. Wa Kishushe walifika kwa lori la mbuzi, wamejaa vumbi mpaka kope. Hatukujua kama marehemu alikuwa Mwislamu, Mkristo au mtu wa matambiko, basi imamu wa hapa akaomba, mchungaji akaomba, na mama mkwe akamwaga maziwa akinong'ona Kitaveta. Kisha mchungaji akasema kila mwenye mtu wake asiyerudi aje alitaje jina lake hapa, maana huyu anaweza kuwa yeyote kati yao.

Walijipanga. Wengine walitaja kwa kunong'ona, wengine kwa kupaza sauti. Baba alipofika alilitamka jina la babu yake lote, na la baba yake babu, halafu akasema, "Mpagazi." Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kusema askari. Nami nilisimama wima kando yake, nywele zimenisimama.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, wanawake wa Mwanda walianza kuimba na kupiga makofi, kwanza polepole, kisha hapakuwa na wa kuwazuia. Na baba yangu, ambaye hajawahi kucheza ngoma mbele ya wakwe zake, akavua koti la suti akanikabidhi.