Jilbabu la Kijani na Farasi Mwoga

Watu wengi huogopa farasi. Mimi nilibahatika: farasi ndiye aliyeniogopa.

Alikuwa jike wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye miguu mirefu na macho ya mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuja Garissa kwa lori kutoka Nanyuki. Aliyemleta ni mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo ambaye sote tunamwita adeer, ingawa si ami wa yeyote kati yetu. Mji ulimcheka. Ngamia tunao, mbuzi tunao, punda ndio usiseme, sasa farasi wa nini? Adeer akajibu kwamba babu yake alikuwa na farasi, na maneno yakaishia hapo.

Mwalimu wetu wa hesabu akaenda kumwomba ruhusa ya kutufundisha kupanda. Mwalimu ametoka Kenya, kama tunavyosema huku, utadhani sisi tuko Brazili. Alikulia karibu na mazizi ya farasi na alikuwa amewakumbuka sana. Wakakubaliana: Jumamosi asubuhi wasichana, jioni wavulana, katika kiwanja cha adeer nyuma ya soko la mifugo.

Wavulana walipanda siku ile ile ya kwanza. Sisi tulipoingia langoni, upepo ukajaza majilbabu yetu, na farasi akakimbilia kona ya mbali akabaki huko akitetemeka. Haki yake. Hata mimi nikiona mahema sita yananijia yakicheka, natoka mbio.

Mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa amekaa juu ya ukuta, amekuja mapema kutuchungulia.

"Nyinyi! Farasi hataki wasichana! Tafuteni punda!"

"Punda tushamwona," nikamjibu, "amekaa ukutani."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, na kicheko changu hupasuka kama turubali. Farasi akaruka tena.

Mwalimu akanigeukia. "Wewe, hicho kicheko chako kina breki?"

"Hakina, mwalimu. Kilitoka hivyo kiwandani."

Jumamosi ya pili mambo yakawa yale yale. Ya tatu pia. Mwalimu alisema, kwa upole, kwamba huko alikokulia watu hupanda na suruali za kubana, farasi hajawahi kuona nguo inayopumua. Tukaangalia chini. Suruali tulikuwa nazo ndani, lakini jilbabu ni jilbabu. Mwalimu amekaa huku muda wa kutosha, kwa hiyo hakulirudia hilo neno.

Halafu adeer akaja na fimbo yake na ndevu zake za hina. Hakugomba, na hilo ndilo lililotuumiza.

"Wanangu, mimi sibendi farasi yangu iumie roho. Wiki ya kufunga shule nakuja kuangalia. Kama bado yeye naogoba nyinyi, Jumamosi yote ni ya fijana."

Fijana kwa lafudhi yake ni vijana, maana yake wavulana. Rafiki yangu, yule tunayekaa naye dawati moja, machozi yakamlengalenga. Mimi nikiona mtu anataka kulia, ulimi hunitoka wenyewe.

"Basi mwalimu, tuandikishe jilbabu. Lije lisome peke yake mpaka farasi alizoee, halafu sisi tutalifuata."

Nilikuwa natania tu, walahi. Lakini mwalimu hakucheka. Alitazama kiwanja, akamtazama farasi, kisha mimi.

"Jumamosi lilete."

Nikaleta la kijani, nililovaa shule ya msingi, ambalo sasa linanifika magotini. Tukalifunga kwenye mti wa mathenge mbali kabisa na farasi, likawa linapepea lenyewe. Sisi tukaketi chini, kimya. Kila nilipofungua mdomo, rafiki yangu alinifinya. Farasi alilikodolea macho asubuhi nzima, nyasi ziko mdomoni na hazitafuni.

Kila Jumamosi tulilisogeza. Mwalimu akifika huuliza, uso mkavu kabisa, "Mwanafunzi mpya yupo?"

"Yupo, mwalimu, ila hana miguu."

Likafika katikati ya kiwanja. Likafika kando ya beseni la maji, hata farasi akitaka kunywa ilibidi apite mbele yake. Siku ya kwanza alivumilia kiu mpaka nikamwonea huruma. Siku iliyofuata alinyoosha shingo kama mtu anayeiba, akanywa mafunda mawili, akalinusa pindo. Tulishikana mikono kwa furaha, bila sauti. Wasichana sita tukifurahi bila sauti! Hooyo, mama yangu, angesikia angenipeleka kwa sheikh nisomewe.

Ndipo mwalimu akaniambia nilivae juu ya lile langu, nimpe farasi mgongo, nisubiri.

Nilisubiri. Nikasikia kwato, zikasimama. Zikaja tena. Pumzi ya moto ikanipiga shingoni.

"Usimshike," mwalimu akanong'ona. "Mwache akushike yeye."

"Mwalimu, anaogopa nini? Mimi mwenyewe mwembamba hivi."

"Anaogopa kama wewe."

"Mimi siogopi."

"Mbona unaongea?"

Nikatoa pumzi polepole kama alivyotufundisha, mpaka mabega yakashuka. Na yule mnyama mkubwa, nyuma yangu, naye akashusha pumzi. Niligeuza mkono taratibu nikamgusa shavuni. Ngozi yake ilikuwa inatetemeka kama maji ya sufuria kabla hayajachemka. Ya kwangu pia. Tulikaa hivyo, waoga wawili, mmoja anayekimbia na mmoja anayetania.

Wiki ya kufunga shule ikafika. Asubuhi ile nikalitafuta jilbabu, nikalikuta kwenye kamba, jeupe kwa usafi ingawa ni la kijani. Hooyo alikuwa amelifua, kisha akalifukiza uunsi, ubani wetu, kama siku ya Idi.

"Lilikuwa linanuka mnyama," akasema. "Mtoto wangu hasimami mbele ya wazee ananuka."

"Hooyo, harufu ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe!"

"Nyamaza. Nenda, utachelewa."

Adeer alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Wavulana walijipanga ukutani. Upepo siku hiyo ulikuwa umetumwa. Nilipoingia, uunsi ukanitangulia, na farasi akainua kichwa juu, pua wazi. Hakunijua. Akarudi nyuma hatua moja, mbili.

Nilitafuta mzaha, sikuupata. Nikampa mgongo, nikatoa pumzi, nikasubiri. Jilbabu likawa linanipiga miguuni, pa, pa, pa.

Kwato zikaja. Pua ikaingia kwenye nguo begani, ikanusa, ikanusa tena kwa ndani zaidi. Kisha farasi akapiga chafya.

Chafya ya farasi ni ndoo. Ililowesha bega, shingo na sikio langu lote la kushoto. Nami kicheko kikanitoka, kile kisicho na breki, kikapasuka mbele ya adeer, mbele ya ukuta mzima wa wavulana. Mwalimu akafumba macho.

Farasi hakuruka. Aligeuza sikio moja upande wangu, kama mtu anayesema, ah, kumbe ni wewe. Halafu akajifuta pua kwenye mkono wangu.

"Panda sasa," mwalimu akasema.

Nikakanyaga kreti ya soda, nikapanda. Jilbabu likamwangukia pande zote mbili, upepo ukaliinua, ngozi yake ikashtuka mara moja chini ya goti langu. Kisha akaanza kutembea. Tulizunguka kiwanja chote. Tulipopita ukutani nikasema, "Salamu kwa punda," lakini kwa sauti ya chini, kwa heshima ya farasi. Wenzangu wakapanda mmoja baada ya mwingine, rafiki yangu wa mwisho, akitabasamu huku machozi yanatiririka.

Adeer akainuka. "Jumamosi asubuhi ni yenu, hifi hifi." Akanyoosha fimbo. "Na hiyo nguo ya kijani iache haba. Ubebo naleta mifuko ya blastiki, hii maskini naogoba sana. Akiwa na nguo yake, natulia."

Nikalivua lile la juu, nikalitundika karibu na beseni. Farasi akaweka kidevu juu yake.

Nyumbani hooyo alinikagua kuanzia kichwani.

"Jilbabu la kijani liko wapi? Nimelifua jana tu!"

"Liko shule ya bweni, hooyo."