Bibi Harusi Alisema Nini

Sinema za kale zisizo na sauti, Moshi nzima mwenye nazo ni mimi. Jumapili nimeonyesha moja ukumbini Kibosho, harusi ya watu wa huko huko, niliyoiokoa kwenye kopo la mbegu za maharage. Mtafsiri mimi mwenyewe. Bibi harusi alipomgeukia mumewe nikanguruma kwenye kipaza sauti: "Mpenzi, nitakupenda mpaka theluji ya Kibo iishe!"

Watu makofi. Mama mmoja, mstaafu wa kiwanda cha kukoboa kahawa, akasimama.

"Baba, acha uongo. Kiwandani mashine zilituziba masikio, tukawa tunasomana midomo. Huyo anasema kwa Kichagga kabisa: umenikanyaga, toa mguu."

Heshima yangu yote inaning'inia. Nikairudisha sinema nyuma, nikawatazama maharusi miguuni. Mungu wangu! Kiatu cha bwana harusi kiko juu ya vidole vya mke.

Walicheka mpaka viti arobaini vikavunjika. "Endelea, mama!"

Nikampelekea kipaza sauti kwa mikono miwili, nikakaa sakafuni. Sinema nimeitazama mara elfu, ndiyo kwanza naisikia.